Nilivyomkalia Mama Mkwe Nikitafuta Picha ya Mapovu

Nilimkalia mama mkwe. Naanza hapo hapo kwa sababu Kabuchai yote inajua, na heri mnisikie mimi mwenyewe kabla Wanyonyi hajawaongezea chumvi (Wanyonyi ni ndugu ya marehemu mke wangu, na makosa ya siku hiyo namwekea yeye, mtaona kwa nini).

Mnajua mimi ni mpiga picha wa Kipsongo, pale Kitale, kazi ambayo simu zenu zimeimaliza. Mnajua pia habari ya moto uliokula nyumba yangu. Jirani yangu Barasa aliacha jiko likiwaka akaenda kucheza drafti, na mpaka leo huyo Barasa hajaniambia pole. Nilitoka na kamera shingoni na huu mkono wa kushoto umeiva kama muhogo wa kuchoma, lakini picha za Nasimiyu, mke wangu niliyekuwa nimeshamzika, zilibaki ndani zote. Watu wananiambia si ushukuru ulipona, na nashukuru, lakini nikifunga macho sura yake inakuja nusu. Macho yapo, mdomo haupo.

Mtoto wetu Nekesa anakaa kwa nyanya yake huko Kabuchai, na kila mtu anasema ni mama yake mtupu. Basi nikaenda nimpige picha moja ya maana nitundike ukutani, niwe na kitu cha kuangalia.

Nikamkuta uwanjani na kikombe cha maji ya sabuni ya unga na mrija wa jani la mpapai, anapuliza mapovu. Hapo ningepiga tu, ninywe chai, nirudi Kitale. Lakini ujuzi ukaniharibia. Povu ukilipiga na mbingu nyeupe nyuma yake halionekani, linataka giza nyuma na jua likitokea mgongoni mwa mtoto, ndipo zile rangi zake zinatoka. Na giza zuri kabisa la boma lile lilikuwa mlango wa jikoni, masizi ya miaka na miaka. Nikamsimamisha Nekesa mbele yake, jua la saa kumi likipita juu ya paa likamwasha nywele, na kwa vile uso ulibaki kivulini nikampa Wanyonyi sinia mpya ya aluminiamu, amrudishie mwanga usoni.

Sasa, kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Mama alikuwa ameniona nikifika, akajificha kwa heshima nyuma ya ghala, akakaa chini kuchambua maharagwe. Mimi nilidhani yuko shambani.

"Papa, limepasuka!"

"Puliza lingine, polepole, kama unapoza uji."

Akapuliza, likakua likapita kichwa chake, halienei kwa picha. Nikarudi nyuma, jicho kwenye kamera.

"Rudi kidogo, mulamwa," Wanyonyi akasema, maana mimi ni shemeji yake. Nikarudi, nikapita pembe ya ghala. "Bado, bana, rudi tu, huko kuko sawa."

(Mtu ana macho mawili mazima, anaona mahali naenda, anasema kuko sawa! Ati alikuwa anaangalia povu.)

Kisigino kikapata ungo, nikakaa. Mahali nilikaa palikuwa laini, na palipiga kelele.

"Uuuwi! Mkwe amenikalia!"

Nikainuka mbio, ule mkono mbovu ukateleza kwenye maharagwe, nikamkalia tena. (Ya kwanza unaweza kuita ajali. Ya pili hakuna jina lake.) Mama akakusanya leso akakimbilia mlango wa karibu, yaani jikoni, na wanawake wa jirani wakaruka ua na majembe.

"Nyoka ameuma nani?"

"Si nyoka," Wanyonyi akasema, machozi yanamtoka kwa kicheko, "ni mkwe!"

"Basi hiyo faini yake ni kondoo," mama mmoja akatangaza, "na blanketi juu."

Nilianza kufunga kamera. Nilitaka ardhi inimeze na maharagwe yote. Nekesa alikuwa bado amesimama pale pale na mrija wake. "Papa, na picha?" Sauti ikatoka gizani nyuma yake: "Nekesa, mwambie huyo mtu apige amalize, mimi huku moshi unaniua!"

Akapuliza, nikapiga mara moja. Nikasikia mama akikwama pumzi ndani kama mtu analia, na moyo ukaniuma njia nzima mpaka Kitale.

Kijana wa saiba akanifungulia picha kwa kompyuta. Povu lilitoka, rangi zote. Lakini Nekesa mashavu yamejaa, midomo imekazana kwenye mrija. Mimi mjinga nilisahau kwamba mtu akipuliza haachi mdomo wa kuangalia.

"Mzee, na huyu wa nyuma?" kijana akauliza. "Ameharibu picha. Nimtoe?"

Wanyonyi alivyokuwa akicheka, sinia ilimtetemeka, mwanga ukaingia jikoni (simshukuru hata kwa hilo). Mama alikuwa hapo, kitambaa kimeteleza kichwani, mkono umeshindwa kuziba mdomo. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka mpaka ufizi, na mwanya ule, na mdomo ule kupanda upande mmoja, ni Nasimiyu.

"Ukimgusa huyo," nikamwambia, "mimi na wewe tutakosana."

Kondoo nimepeleka, na blanketi, na nakala moja ya picha nikampa Nekesa apeleke jikoni, mimi nikiwa mbali kabisa kwenye lango. Ile yangu iko ukutani. Nikifunga macho sasa, sura inakuja nzima. Lakini kurudi nyuma na jicho kwenye kamera, Wanyonyi akiwa ndiye ananiongoza, hiyo nimeapa sirudii, hata povu likue kama nyumba.