Injini ya Odilo

Haya sikusimuliwa, nilikuwemo. Shahidi wangu alikuwa fundi Kasiani, mwana wa mzee Pius wa Mwimbi, naye amekwisha kufa. Nimebaki mimi, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamishiwa vijijini. Hapa Sumbawanga mwenye gari zima alipata kazi kila siku, kubeba mizigo ya wanaohamishwa. Landrova ya mume wangu, Selemani, ilikuwa imekufa injini, na vipuri utavitoa wapi? Mimi ndiye niliyemwambia kwamba lori la Odilo limeanguka kwenye mteremko wa Wampembe na injini yake imepona. Odilo mwenyewe hakupona. Chuma cha usukani kiliingilia kifuani kikatokea mgongoni.

Selemani akasema, "Tanga lake halijaondolewa, mke wangu. Vitu vya marehemu havijaguswa bado."

Nikamjibu kwamba injini si shati la kurithi. Maneno hayo ni yangu, simsingizii mtu.

Respisi, mdogo wake Odilo, akatuuzia kimya kimya. Mjane, Veronika, hakuambiwa.

Lori lile lilikuwa la miaka mingi kabla ya Landrova yetu. Injini ndefu, haiingii. Kasiani akakata chuma kwa msumeno na patasi, akasogeza rejeta mbele, akachomelea vishikizo vipya, siku tatu nzima. Kila akigonga nyundo, injini inatoa mafuta, na mafuta alishayamwaga yote. Akaniambia, "Shemeji, hii inavuja kama imechinjwa." Unaamini tulicheka?

Safari ya kwanza ilikuwa ya Namanyere, saa nane mchana, jua kali. Kasiani alikaa nyuma na zana zake. Karibu na kufika, mtu akatusimamisha, kajifunika shuka mpaka puani. Mimi sikutaka kubanwa kati ya wanaume wawili, nikashuka apite, akae katikati. Hakusalimia. Tulipofika njia ya Wampembe inapochepuka, akamwambia Selemani kwa upole, "Unaibana. Toa mguu, inajua njia."

Selemani akakata usukani kwenda sokoni. Gari likashika ya Wampembe. Akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini na gari likazidi kukimbia. Ndipo yule mtu akamgeukia, akamkaba koo kwa mikono miwili, akambamiza kichwa kwenye mlango. Akambamiza tena, na tena. Damu ya mume wangu ilinirukia mdomoni. Nyuma nikamsikia Kasiani analia, "Odilo, mwachie. Odilo, nakuomba."

Miguuni kwangu palikuwa na hendeli, chuma cha kuwashia gari. Nikaishika kwa mikono yote miwili, nikamchoma nayo mgongoni kwa nguvu zangu zote.

Wallahi, haikugusa nyama. Ilipita kwenye tundu lililokuwepo tayari, ikatokea kifuani kwake, ikaishia kwenye jicho la Selemani.

Gari likazima lenyewe. Katikati yetu palibaki shuka tu, limelowa mafuta machafu.

Jicho halikuokolewa. Kasiani akaifungua injini, tukampelekea Veronika uani kwake na kumweleza yote. Hakututukana. Aliinama akaipangusa kwa kanga yake, kisha akasema, "Mngengoja tanga liishe mje kuniomba, ningewapa. Mwenyewe angependa itembee."

Selemani aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila aliyemuuliza nani kamtoboa jicho alijibiwa kuwa ni Odilo. Hakunitaja hata siku moja. Lakini nilipomwekea chakula ilimbidi ageuze kichwa chote ndipo anione, na kila alipokigeuza mimi niliinamisha changu.

Basi wewe unayetafuta injini ya gari lililoua, uliza nani aliliendesha. Nenda kakae na mke wake, ungoje tanga liondolewe, ndipo uombe. Na wewe mke, mumeo akisema tungoje, mwache angoje.