Mchawi wa Kwenye Video

Juzi binti yangu aliniuliza, "Mama, filamu gani iliwahi kukutisha kuliko zote?" Nikamjibu kijuujuu. Wewe nitakusimulia yote.

Ilikuwa Mabatini, miaka ile ya tisini, redio kaseti na mitumba vilipoanza kumwagika madukani. Mtaani kwetu palikuwa na kibanda cha video: mabati juu, magunia pembeni, jenereta ikinguruma nje. Jumamosi mchana mimi na dada yangu tulibanana kwenye benchi, jasho likitutiririka, tukitazama mizimu na wachawi. Tukirudi nyumbani tulizichambua filamu zile kama walimu wanaosahihisha madaftari. Dada alipenda zenye ukimya: mlango unafunguka taratibu, mtu humwoni. "Usichokiona ndicho kinachotisha," alisema. Mimi nilicheka meno ya plastiki na damu nyepesi kama sharubati. Kasoro moja tulikubaliana sote: mchawi unamjua tangu anapotokea, maana kila mara ni bibi kizee mwenye macho mekundu.

"Kama jirani yetu," nikasema siku moja. Watoto wenzetu wakaangua kicheko.

Jirani huyo alikuwa mjane aliyekaanga mapanki, vile vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishatolewa. Moshi wa kuni mbichi ulimla macho kutwa nzima. Tukipita, alituvunjia kipande cha kichwa, cha moto, chenye chumvi, tukakinyonya mpaka mfupa ukawa mweupe.

Mzaha wangu ukazunguka mtaa. Wiki chache baadaye mtoto wa fundi cherehani akashikwa na degedege, akafa. Msibani nilimsikia mama mmoja akisema, "Hata watoto wanamjua. Waulizeni." Hakuna aliyeniuliza. Nami sikufungua mdomo.

Watu wa mtaa walimjia alasiri, jua likiwaka. Wakamwaga mafuta yake mchangani, wakabomoa banda lake la kukaangia. "Nimemfanya nini mtoto wa watu?" aliuliza tena na tena, mpaka jiwe likampata kwenye paji la uso. Mama yangu alimkumbatia, akapiga kelele, "Basi, niueni na mimi!" Ndipo wakatawanyika. Ndugu yake akaja kumchukua, akampeleka Igoma.

Baada ya siku kadhaa mama alinituma huko na unga wa uji. Nilimkuta kwenye mkeka, kitambaa kichwani. Macho yake yalikuwa meupe, kama ya bibi yeyote; moshi ulikuwa umemtoka machoni. Nikapiga goti, nikamwamkia. Alinitazama, akageukia ukutani. Mvua za vuli hazikumkuta hai.

Kibanda cha video hakipo tena, pana duka la simu. Mapanki nayo hayakaangwi pale. Dada bado anapenda filamu zile, hunipigia kunisimulia ipi imetengenezwa vizuri na ipi imeboronga, nami humsikiliza. Habari za yule bibi hatujawahi kuzigusa. Siku hizi najaribu kulikumbuka jina lake, silipati. Nadhani sikuwahi kumuuliza.