Nafuu Haiui

Enzi za Mwingereza nilikuwa kwenye benchi la hospitali mjini Arusha, shavu limevimba kwa jino, alipofika mama mmoja kutoka mlimani Meru. Alibeba kikapu cha ndizi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu.

Alimuuliza dresa, msaidizi wa daktari, habari za mumewe aliyelazwa.

"Ana nafuu, mama."

Mama akaweka kikapu chini. "Nafuu? Inaua?"

"Haiui."

"Ameipata wapi?"

"Hapa hapa hospitalini."

Mama akashika kichwa. "Nimemleta na homa tu, mkamwongezea na nafuu!"

Dresa hakucheka. "Mama, jana alizidiwa, hata uji alikataa. Leo ana nafuu, anaomba ndizi."

Mama akawa anageuza kiganja: huku jana, huku leo. Hakuna aliyemfafanulia neno lile. Alilipima mwenyewe kwa kinyume chake. Machozi yakamtoka.

"Kumbe ni nzuri," alisema.

Akainua kikapu. Alipotupita sisi wagonjwa wa benchini, akatutazama kwa huruma, akasema, "Nanyi iwapate."

Tukaitikia amina.