Pete ya Thaavu

Kasyoka wa Muindi anauza ndengu katika soko la Tulia, na kabla hujamhurumia kwa haya nitakayosimulia, ujue kwamba kipimo chake hakijawahi kufurika hata siku moja. Ni mwanamke mgumu. Nampenda sana, lakini ndengu nanunua kwingine.

Ameishi na Muindi, mchimba visima, tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Mbuzi wa ntheo, wale wanaomfanya mwanamke wa Kikamba awe mke wa mtu, walipelekwa kwao zamani, wakaliwa, wakaisha. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa. Lakini kanisa letu lilikuwa na maoni tofauti: bila pete, hawa wawili walikuwa bado wachumba. Kwa hiyo Kasyoka hangeweza kuandaa meza ya Bwana, kazi aliyoitamani kuliko mvua. Basi wakakubali kufunga harusi, bwana harusi akiwa na mvi na bibi harusi akiwa na wajukuu.

Pete aliinunua Muindi mwenyewe, huko Kambu kwenye barabara ya Mombasa, alikokuwa akichimba kisima. Muuzaji anaitwa Mugo. Anauza saa na mikufu iliyokwisha kuvaliwa na watu wengine. Alimwambia Muindi kwa Kikamba safi kwamba pete ile ni ya thaavu, yaani dhahabu, na kwamba mama mmoja wa Nairobi aliiuza kwa sababu ya shida tu. Muindi, ambaye huongea kana kwamba maneno yanakaribia kumwishia, aliileta nyumbani akasema neno moja: "Thaavu." Kisha akatabasamu mpaka jioni.

Kufikia mavuno ya ndengu, kidole cha Kasyoka kilikuwa kijani.

Hapo ndipo akina mama wa kanisa walipoonyesha elimu yao. Wavinya, mwenyekiti wao, alieleza kwamba dhahabu halisi haifichi siri. Ikikutana na dhambi, inatoa rangi. Hakuna aliyeuliza hayo yameandikwa wapi. Kasyoka aliombwa, kwa upendo, apumzike kidogo na meza ya Bwana mpaka moyo wake utulie. Hiyo "kwa upendo" inanikasirisha mpaka leo.

Angeweza kujitetea kwa sentensi moja: pete ni bandia. Lakini sentensi hiyo ingemfikia Muindi kabla ya chai ya saa nne, na Muindi angejua kwamba kile alichomletea mkewe kwa fahari yote ile ni shaba tupu. Kasyoka akachagua kuwa mwenye dhambi. Iliumiza, na usidhani alikuwa anaficha vizuri. Kipimo cha ndengu kilizidi kupungua.

Mwishowe, Muindi akiwa kazini Kikima, Kasyoka alifunga safari hadi Kambu bila kumwambia mtu. Meza ya Mugo ilikuwa kando ya muuza vitunguu, na mbele yake kulikuwa na kibao: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Kasyoka alivua pete kwa mate, akaiweka mezani.

"Ulimwambia mzee wangu hii ni ya thaavu."

"Ni kweli, mama. Lakini thaavu ni rangi. Kwa Kikamba mtu akisema ya thaavu, anamaanisha rangi."

"Unanifundisha lugha ya mama yangu?"

"Sikufundishi, mama. Naeleza tu."

"Wewe huenda kanisa?"

"Naimba kwaya," Mugo akasema kwa majivuno.

"Ile barabara ya mbinguni tunasoma ni ya thaavu. Hiyo pia ni rangi? Tutafika huko tupate wamepaka tu?"

Bilha, mwenye vitunguu, aliacha kupanga vitunguu. Kwa Mugo, kusema ndiyo ilikuwa kukufuru. Kusema hapana ilikuwa hasara.

"Huko ni dhahabu," akasema. "Huko ni orijino."

"Basi neno ni lile lile."

"Na hiyo kibao haitakusaidia, Mugo," Bilha akaingilia. "Ukiambia mtu kitu ni dhahabu na si dhahabu, anarudisha, hata kama ni mtumba. Sheria ya kulinda wanunuzi iko. Mimi nilirudishiwa pesa ya simu hivyo hivyo."

Mugo akatoa simu yake polepole. "Lakini mzee naye, mbona hakuongea hivi? Alikuja hapa juzi juzi. Akasema kidole cha bibi yake kimekuwa kijani. Nikamwonyesha kibao. Akasoma, akasema asante, akaenda."

Kasyoka aliketi juu ya gunia la vitunguu bila kukaribishwa. Hasira iliyomleta Kambu ilikuwa ndogo kando ya hii. Akilini alimwona Muindi akisimama pale, kofia mkononi, akisoma kibao hadi mwisho na kushukuru.

"Mpigie," akasema. "Mwambie ulimdanganya. Pesa ni yake. Na usiseme niko hapa."

Mugo akapiga, simu ikiwa kwa sauti kubwa. Alijitambulisha, akakiri bila kutaja rangi, kisha akasema, "Mzee, nakurudishia pesa yako. Na wewe unirudishie pete."

Lori likapita kuelekea Mombasa.

"Basi kaa na pesa," sauti ya Muindi ikajibu. "Hiyo pete siwezi kumvua. Kidole kimeharibika, kanisa wanamsema, na hajaniambia neno. Nikimwambia ni feki, atajua aliteseka bure."

Kasyoka alimnyang'anya Mugo simu. "Muindi, chukua pesa!"

"Mama Nthiwa?" Muindi akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Kidole kinauma?"

"Hakiumi," akasema, akaangua kilio mbele ya vitunguu vyote vya Kambu.

Bilha ndiye aliyeamua kesi: pesa iende kwa mzee, pete ibaki kwa mama, iwe pole ya safari. Mugo alisema hiyo haiko kwa sheria. Bilha akakubali kwamba haiko. Pesa ikatumwa.

Jumapili, Wavinya alimwuliza Kasyoka kama moyo umetulia. Kasyoka aliinua kidole mbele ya kamati nzima.

"Ni shaba," akasema. "Mume wangu ndiye alinivalisha. Leteni kitambaa cha meza."