Punda wa Shangazi Griet

Saa moja asubuhi, Floors Olyn anafungia simu yake kwenye boksi la chuma, anamaliza chai yake ya rooibos, kisha anaanza kumshuku kila mtu.

Ndiyo kazi anayolipwa. Madishi ya darubini yaliyotapakaa nyikani Karoo yanasikiliza mashimo meusi, madubwana ya angani yanayomeza hata mwanga. Shimo lenyewe ni bubu. Kinachosikika ni mawimbi ya redio ya gesi inayozunguka kabla ya kumezwa. Yamesafiri mamilioni ya miaka, halafu blenda moja ya jirani inayafunika.

Floors, 47, alikuwa mkata manyoya ya kondoo. Sasa anaendesha gari lenye antena, akisaka vifaa vinavyopiga kelele. Anapata randi 9,800 kwa mwezi na marafiki wawili.

"Nikipiga hodi, nasikia kabati zinafungwa," anasema. Anaapa kuwa aliwahi kukamata saa inayotoa mawimbi tumboni mwa mbuni, tena mbuni mwenyewe alikana.

Wiki hii mshale wa kipimo umeelekea nyumba iliyomlea. Kwa siku mbili ameandika kwenye ripoti "chanzo hakijulikani". Msimamizi ameanza kumtazama kwa jicho la pembeni, na Ijumaa anakuja kupima mwenyewe. Akikuta kelele, Floors hana kazi.

Shangazi yake, Griet Vaalbooi, 71, anamsubiri mlangoni.

"Umekuja kama mwanangu au kama polisi?"

"Vyote viwili, Shangazi."

"Basi mwanangu aingie ale. Polisi abaki nje na mbwa."

Kelele inatoka kwenye kisanduku kinachowasha na kuzima taa juu ya zizi ili kufukuza mbweha. Kabla yake, mbweha walikula kondoo tisa. Tangu kitundikwe, hakuna aliyeliwa. Wamebaki ishirini na watatu, na ndio wanaomlisha Griet.

"Hilo shimo lako umewahi kuliona?" anauliza.

"Halionekani, Shangazi."

"Mbweha wangu naye simwoni, ila naokota mifupa. Lako linakula nini?"

"Nyota."

"Nyota za nani?"

Floors anarudi garini. Ana punda. Jike, amemnunua jana, mwenye sifa ya kumpiga mbweha teke akasahau njia ya kwao. Anaomba wabadilishane: Griet ashushe kisanduku, achukue punda.

Griet anakagua meno, kwato, mpaka chini ya mkia.

"Una hakika hawajamwekea kitu ndani?"

Floors anampitishia punda antena mwili mzima. Mshale umetulia. Ndipo Griet anapanda kwenye kigoda, anakishusha kisanduku, anakizima na kukikumbatia kifuani.

"Nakitunza mwenyewe. Akipotea hata kondoo mmoja, nakirudisha, na nyota zenu zijitetee."

Floors anasema ombi lake ni moja tu: Ijumaa mshale ulale, na kondoo waamke ishirini na watatu.

Punda analia, bonde zima linaitikia.

"Haya, polisi," Griet anasema. "Nenda kaandike ripoti."