Deraya Yangu Imeenda Kuchuma Chai

Samahanini kwa kunyamaza tangu Jumapili, mtoto wangu Chela anaota meno. Lakini ya leo lazima niwaambie.

Ile deraya ya ngozi ya ng'ombe niliyoshona kwa oda, yenye nyoka waliosukana kama kwenye deraya za mashujaa wa kale wa kaskazini ya Ulaya, mteja aliuliza jambo moja tu: mtu akiivaa anaweza kuinama na kuinua mikono?
La sivyo, hachukui.

Na mimi, mtoto mgongoni, ningeijaribu vipi?

Asubuhi naenda kwa kamba ya nguo nilikoianika. Haiko!

Nikakimbia shambani. Mama mkwe yuko katikati ya majani chai, ameivaa juu ya sweta, mikono inaenda mbio.

"Mama! Hiyo ni ya mteja!"

"Si nilidhani umenishonea eproni ya kuchumia? Umande haupiti kabisa. Lakini mama Chela, hii minyoo umechora ni ya nini?"

Minyoo! Semeni ukweli, picha ndiyo hiyo.

Nikamrekodi akiinama na kuinua mikono. Mteja ameona, anachukua.

Mama nimemvua kwa upole, lakini nimemvua. Nimemuahidi yake. Kwa hivyo aliye Bomet mjini anitumie ngozi moja, vyuma vinne vya mshipi na uzi wa nta.
Rangi ya nyoka msitume.