Njia Niliyochimbiwa na Mwethya

Juzi nilikuwa na shughuli Machakos mjini, kwenye jengo jipya la ghorofa lenye vioo kila upande. Mlangoni wameweka njia ya saruji ya viti vya magurudumu, lakini imeinuka kama paa la nyumba. Askari wa mlangoni alinitazama, akaitazama njia, akakuna kichwa. "Madam, hapa hata mimi na miguu yangu huwa nateleza," akasema. Nilicheka mpaka akaingiwa na wasiwasi. Hakujua kwamba akili yangu ilikuwa imesharudi kwetu Kathiani, kwa akina mama walionichimbia njia ya kwanza maishani mwangu.

Mimi ni mtoto wa milimani, rafiki yangu. Kwetu, miaka ya tisini, hakukuwa na mahali tambarare ila kwenye matuta ya shamba yaliyokatwa kama ngazi, na hayo pia yalitengenezwa kwa jembe. Polio iliniharibu miguu kabla sijajifunza kuitumia, basi gari langu likawa mgongo wa nyanya. Kila asubuhi alinifunga kwa leso tukapanda kwenda shule, na jioni akaja kunichukua. Mgongo ule ulinukia moshi wa kuni, na mpaka leo nikinusa moshi wa kuni nasikia raha tupu. Tukichelewa, mwalimu alimpa nyanya pole, mimi nikapitishwa bila adhabu kama mzigo wa sokoni. Lakini nilikuwa nakua. Nyanya alianza kusimama njiani, akijifanya anakagua mbaazi za majirani, kumbe anatafuta pumzi. Niliogopa sana kwamba siku moja angesema basi, shule imetosha.

Ndipo sista wa misheni akatuletea kiti cha magurudumu. Kilikuwa kizuri ajabu, na hakikufaa hata kidogo! Vigurudumu vya mbele vilizama mchangani kabla hatujatoka uani. Fundi wa baiskeli pale sokoni akaving'oa, akaweka vya baiskeli ya watoto, kisha akakata breki kutoka kwenye tairi kuukuu, lile wanalotengenezea viatu vya akala. Kiti kikaanza kutembea. Shida ikabaki ni njia, maana ile tuliyokuwa nayo iliwafaa mbuzi.

Nyanya alikuwa katika mwethya, kikundi cha akina mama waliokuwa wakisaidiana kazi za shamba kwa zamu. Zamu yake ilipofika walikuja na majembe tayari kumchimbia matuta kabla ya mvua. Yeye akasimama mbele yao akasema, "Matuta yangu yangoje. Mimi nataka mnichimbie barabara ya huyu mtoto mpaka shule." Shamba lisilo na matuta huko kwetu ni udongo wa kupeleka mtoni, na kila mmoja alijua nyanya anaacha nini. Halafu jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kanisa zima, akatema mate viganjani na kuanza wimbo.

Ah, zile siku! Majembe yaliinuka na kushuka kwa mpigo mmoja. Mimi nilikaa kwenye kiti changu kama diwani anayekagua mradi, nikila isyo, mahindi na maharagwe ya moto kutoka sufuria kubwa, na kuitikia wimbo kwa mdomo uliojaa mahindi. Hawakuipandisha njia moja kwa moja mlimani. Waliizungusha kufuata matuta ya watu, ikapanda polepole, ndefu lakini laini.

Ilipokamilika walinisindikiza kwa vigelegele. Nikasukuma magurudumu, na kabla sijafika mbali kiti kikagonga tuta dogo na kukwama. Mbele yake lingine. Na lingine. Akina mama hawa walikuwa wamezuia udongo usikimbie maisha yao yote, na mikono yao haikuweza kuacha mteremko wazi. Kila walipopumzika walikuwa wameziba njia kwa kituta cha kuzuia maji! Yule jirani akashika kiuno. "Wuui! Mtoto ako na gari na sisi tunamwekea bampu mingi hivi?" Nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyohiyo wakavisawazisha vituta, wakachimba mfereji pembeni na kupanda nyasi ukingoni, ili maji yapate njia yao na mimi nipate yangu.

Jumatatu nikaenda shule peke yangu. Nyanya alibaki mlangoni, hajui mikono aiweke wapi. Nami, kwa furaha, nilisimama kila boma kusalimia watu, nikanusa chai za watu wengine, nikakimbizana na mbwa pale njia iliposhuka kidogo. Nilipofika getini kengele ilikuwa imeshalia zamani. Mwalimu wa zamu alinitazama toka juu mpaka chini.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, mwalimu."

"Basi umechelewa mwenyewe. Okota karatasi na wenzako."

Niliokota karatasi uwanja mzima, nikiinama kutoka kwenye kiti, meno yote nje. Wenzangu walinuna. Walidhani nimerukwa na akili.

Nyanya hayupo tena, na wengi wa wale akina mama tumeshawazika. Njia yenyewe kwingine imemezwa na nyasi za ng'ombe, kwingine barabara ya lami imepita juu yake. Siku hizi naendesha gari langu la breki za mkono, nafika ninakotaka. Lakini nikichelewa, watu hunisikitikia, wananifungulia mlango, wananiambia hakuna neno. Mara nyingine natamani mmoja wao anikunjie uso tu, anipe karatasi niokote.